Kutoka kwa Shaha Hadi Hundi: Historia ya Maana na Asili za Neno la Kiingereza "Check"

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya neno la Kiingereza "check", ambalo leo hubeba maana zinazoonekana kutokuwa na uhusiano wowote: kukagua, kuzuia, tishio kwa mfalme katika mchezo wa sataranji, kitambaa chenye miraba, bili ya hotelini na hundi ya benki. Swali linaloongoza uchunguzi ni iwapo maana hizo ni za neno moja lililotanuka au ni za maneno kadhaa yaliyofanana kwa sauti tu. Hoja inayojengwa ni kwamba karibu maana zote zina shina moja, yaani neno la Kiajemi "shah", na kwamba maana ya hundi, ambayo ndiyo yenye ubishi mkubwa, ina ushahidi wenye nguvu zaidi katika historia ya Hazina ya Uingereza kuliko katika neno la Kiarabu "sakk". Aidha, makala inaonyesha kwamba Kiswahili kimelipokea shina hilo kwa njia mbili tofauti, na kwamba jambo hilo lina athari katika uandishi wa kamusi.

1.0 Utangulizi

Mtunga kamusi anapokutana na umbo moja lenye maana nyingi hulazimika kuamua jambo moja kabla ya mengine yote: aandike kidahizo kimoja chenye maana kadhaa, au vidahizo kadhaa vyenye umbo moja? Uamuzi wa kwanza hukiri polisemia, yaani neno moja lililozaa maana nyingi. Uamuzi wa pili hukiri homonimia, yaani maneno mbalimbali yaliyokutana kwa bahati katika sauti moja. Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni neno "shaha". Kwa maana moja ni mfalme katika sataranji, na kwa kupanuka kwa maana hiyo ni cheo cha kiongozi wa malenga. Kwa maana nyingine ni kiini cheupe na laini kilichomo katika kilele cha mnazi, ambacho huliwa. Hakuna njia ya kimantiki inayomtoa mtu kwenye kiti cha mfalme hadi kwenye kilele cha mnazi. Hayo ni maneno mawili.

Neno "check" la Kiingereza huleta swali hilohilo kwa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa maana zake ni nyingi na zimeenea katika nyanja zilizo mbali: michezo, ufumaji, uhasibu, benki, sheria ya katiba na mazungumzo ya kila siku. Zaidi ya hayo, asili ya mojawapo ya maana hizo hudaiwa na tamaduni mbili. Wapo wanaoamini kwamba hundi ya benki, kwa jina na kwa utaratibu wake, ni urithi wa wafanyabiashara wa Kiislamu wa Zama za Kati, na wapo wanaoona kwamba jina hilo limezaliwa London. Kwa hiyo kuchunguza asili ya neno hili ni kuchunguza pia ni ushahidi wa aina gani unaotosha kumpa mtu haki ya kudai neno.

2.0 Safari ya Neno Kutoka Uajemi Hadi Uingereza

Neno la Kiajemi "shah", lenye maana ya mfalme, lina umri mrefu. Umbo lake la kale, "khshayathiya", limo katika maandishi yaliyochongwa mwambani huko Behistun kwa amri ya mfalme Dario wa Kwanza, karibu na mwaka 520 kabla ya Kristo. Neno hilo lingeweza kubaki jina la cheo tu kama lisingeingia katika mchezo.

Mchezo wenyewe ulitoka India. Kufikia karne ya 6 ulijulikana huko kwa jina la Kisanskriti "chaturanga", yaani viungo vinne, kwa kuwa kete zake ziliwakilisha vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliupokea wakauita "chatrang". Baada ya Waarabu kuishinda dola ya Wasasani katika karne ya 7, mchezo ulipita mikononi mwao, na kwa sababu Kiarabu hakina sauti "ch" wala "g" ya Kiajemi, jina likawa "shatranj". Hili ndilo lililofika pwani ya Afrika Mashariki na kuwa "sataranji".

Ulaya ya Magharibi, hata hivyo, haikuuita mchezo kwa jina lake. Mchezo uliingia huko kupitia Hispania na Italia, na kufikia mwanzo wa karne ya 11 kete zake zilikuwa mali ya thamani: wosia wa Ermengol wa Kwanza, mtawala wa Urgell katika Katalunya, uliondikwa mwaka 1008, unazitaja miongoni mwa vitu alivyoviacha. Kilichowagusa watu wa Ulaya ni neno lililotamkwa mchezaji alipomtishia mfalme wa mwenzake: "shah!" Neno hilo la onyo likawa jina la kete, kisha jina la mchezo mzima. Katika Kilatini cha wakati huo liliandikwa "scaccus", na wingi wake "scacci". Katika Kifaransa cha kale likawa "eschec", na wingi wake "esches". Kiingereza kikachukua umoja na wingi kama maneno mawili: umoja ukawa "check", yaani tishio kwa mfalme, na wingi ukawa "chess", yaani mchezo. Mwingereza wa leo hahisi tena kwamba maneno hayo mawili ni umoja na wingi wa jambo moja.

Lugha nyingine zina ushahidi unaolingana na huo. Kijerumani husema "Schach", Kihispania "jaque", Kiitaliano "scacco", na Kifaransa cha leo "échec", neno ambalo pia lina maana ya kushindwa. Kulingana huku kwa sauti na maana katika lugha nyingi kwa wakati mmoja ndiko kunakoondoa shaka kuhusu asili ya Kiajemi.

Neno linaloambatana nalo, "mate" katika "checkmate", lina utata kidogo. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba "shah mat" ni kauli ya Kiarabu yenye maana ya "mfalme amekufa", kutokana na kitenzi "mata", ambacho mzizi wake Kiswahili kinao katika "mauti" na "maiti". Maelezo mengine huliona neno "mat" kuwa la Kiajemi, lenye maana ya kuduwaa na kukosa la kufanya. Kanuni za mchezo zinaunga mkono maelezo haya ya pili: mfalme wa sataranji hauawi wala haondolewi ubaoni. Mchezo hukoma pale anapotishiwa na kukosa pa kukimbilia. Inaelekea kwamba msikilizaji wa Kiarabu alilisikia neno la Kiajemi akalielewa kwa mzizi wa lugha yake, jambo linalotokea mara nyingi neno linapohama.

3.0 Kutoka Ubaoni Hadi Katika Mwenendo wa Watu

Katika Kiingereza "check" linaonekana karibu na mwaka 1300 likiwa neno la mchezo. Katika karne ya 14 linaanza kutumika nje ya ubao. Mshairi Geoffrey Chaucer, katika utenzi wake wa kumwomboleza Blanche, mke wa mtawala wa Lancaster aliyefariki mwaka 1368, alimchora mtu aliyefiwa kama mchezaji aliyeshindwa sataranji na Bahati. Huko bado picha ya mchezo iko wazi. Baadaye picha ilififia na maana ikabaki.

Mfuatano wa maana unaweza kuelezwa hivi. Mfalme anapotishiwa, mchezaji hana hiari: lazima aache mpango aliokuwa nao na kushughulikia tishio. Kwa hiyo tishio likawa kikwazo cha ghafla. Kikwazo cha ghafla kikawa kizuizi chochote kinachomsimamisha mtu au jambo. Kizuizi kikawa njia ya kudhibiti, na udhibiti ukawa uchunguzi wa kuhakikisha kwamba jambo limekwenda sawa. Hatua hii ya mwisho, yaani "check" kwa maana ya kukagua kwa kulinganisha, ilikomaa katika karne ya 17. Maana ambayo leo Waingereza huiona kuwa ya kwanza na ya kawaida kabisa ndiyo iliyochelewa kuzaliwa.

Kiswahili husaidia kuonyesha umbali uliopo kati ya maana hizo mbili. Cheo cha Tanzania cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kinatumia vitenzi viwili, "kudhibiti" na "kukagua", kwa kazi ambazo Kiingereza kinaweza kuzifunika zote kwa neno "check". Kudhibiti ni kuzuia fedha zisitoke bila idhini, na hutangulia matumizi. Kukagua ni kutazama baadaye kama zilitumika ipasavyo. Msemaji wa Kiswahili hazichanganyi kazi hizo. Msemaji wa Kiingereza hulazimika kutegemea muktadha.

Utata huo unaonekana pia katika lugha ya katiba. James Madison, alipotetea rasimu ya Katiba ya Marekani katika waraka wa 51 wa mfululizo wa Federalist, mwaka 1788, alijenga hoja kwamba mihimili ya dola ipangwe ili kila mmoja uweze kuizuia mingine. "Check" alilolitumia lina maana ya zamani, ile ya kuzuia. Anayelitafsiri kwa "kukagua" hulipunguza nguvu, kwa sababu mkaguzi hutazama na kutoa taarifa, ilhali anayezuia ana uwezo wa kusimamisha.

4.0 Miraba, Kitambaa na Hazina

Tawi la pili la neno halikutokana na kete bali na ubao. Katika Kilatini cha Zama za Kati ubao wa sataranji uliitwa "scaccarium", na katika Kifaransa cha kale "eschequier". Kutokana nalo kukapatikana "chequer", yaani mpangilio wa miraba ya rangi mbili zinazopishana, na kwa kufupishwa, "check" kwa maana ya kitambaa cha miraba. Nchini Marekani mchezo wa drafti uliitwa "checkers" kwa sababu hiyohiyo. Njia hii ya kufikiri si ngeni kwa Waswahili: shati la miraba huitwa "shati la drafti", mchezo ukilipa jina vazi.

Lakini mchango mkubwa zaidi wa ubao ni katika fedha za umma. Wakati wa utawala wa Henry wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1100 hadi 1135, ofisi ya hesabu za mfalme ilikuwa tayari inaitwa "scaccarium", jina ambalo kwa Kiingereza ni "Exchequer". Hati ya mwaka ya hesabu zake iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ni ya 1130. Namna ofisi ilivyofanya kazi imeelezwa na mtunza hazina mwenyewe, Richard FitzNeal, katika kitabu cha Kilatini kiitwacho Dialogus de Scaccario, alichoanza kukiandika mwishoni mwa miaka ya 1170.

Kwa mujibu wa FitzNeal, maofisa waliketi kuizunguka meza yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, iliyozungushiwa ukingo ili vitu visianguke. Juu yake kulitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyotenga safu: za peni, shilingi, pauni, pauni ishirini-ishirini, mamia na maelfu. Hesabu ilifanywa kwa kupanga na kuhamisha vihesabio katika safu hizo, deni likipangwa upande mmoja na kilicholipwa upande mwingine. Utaratibu huu ulikuwa na faida kubwa katika jamii ambayo wengi wa walipaji hawakujua kusoma: mwenye kudaiwa aliiona hesabu yake ikipungua mbele ya macho yake.

FitzNeal anatoa sababu mbili za jina. Ya kwanza ni sura ya meza, iliyofanana na ubao wa sataranji. Ya pili ni mapambano. Kama vile katika mchezo wafalme wawili hupigana, ndivyo katika ofisi hiyo mtunza hazina alivyokabiliana na sherifu, ofisa wa mfalme wilayani, aliyekuja kutoa hesabu ya makusanyo, huku maofisa wengine wakiwa waamuzi. Inafaa kuongeza hapa kwamba sherifu huyo hana uhusiano na "sharifu" wa Kiarabu. Jina lake linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya msimamizi wa wilaya. Ni mfano mwingine wa kufanana kwa sauti kusikothibitisha undugu.

Risiti za ofisi hiyo zilikuwa vijiti. Kiasi kilichopokelewa kilichongwa juu ya kijiti kwa mikato ya ukubwa tofauti: mkato wenye unene wa kiganja ulikuwa pauni 1000, wa upana wa kidole gumba pauni 100, wa kidole kidogo pauni 20, na wa punje ya shayiri pauni 1. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu. Mlipaji alichukua nusu moja na ofisi ikabaki na nyingine. Ubishi ulipotokea, nusu hizo ziliwekwa pamoja, na mikato iliyokataa kulingana ilifichua udanganyifu. Utaratibu huu ulifutwa rasmi mwaka 1826. Vijiti vilivyobaki vilipochomwa tarehe 16 Oktoba 1834, moto ulienea ukateketeza majengo ya Bunge mjini London.

5.0 Asili ya Hundi: Ubishi wa Nadharia Mbili

Hundi kama kitu ilitangulia jina lake la Kiingereza. Miongoni mwa hundi kongwe za Uingereza zilizosalia ipo moja ya mwaka 1659, ya pauni 400, iliyoandikwa kwa mkono kama barua ya kumwagiza mtunza fedha amlipe mtu fulani. Neno "check" lilipoingia katika shughuli hizo mwanzoni mwa karne ya 18 halikuitaja barua yenyewe. Lilitaja kipande kinacholingana nayo, ambacho hubaki kwa mtoaji ili karatasi inaporudi vipande viwili vilinganishwe. Kazi ya kipande hicho ilikuwa kuzuia ughushi, sawa na ile ya nusu ya kijiti iliyobaki katika Hazina. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande kilichobaki hadi kwenye karatasi iliyotoka. Matumizi ya Marekani yamehifadhi dalili za hatua hiyo: "check" ni kipande anachopewa mtu aliyekabidhi mzigo au koti, na pia ni bili anayoletewa mteja mkahawani.

Tahajia "cheque" ilikuja kwa makusudi. James William Gilbart, mwandishi wa masuala ya benki, aliitumia katika kitabu chake cha 1828 na kueleza kwamba huondoa utata na kulingana na jina la "Exchequer". Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo iliiimarisha, na kupitia sheria za kikoloni ikaenea hadi Afrika Mashariki. Wamarekani wamebaki na "check".

Nadharia ya pili husema kwamba neno linatokana na Kiarabu "sakk", yaani hati ya deni au ya malipo, neno ambalo lenyewe linahusishwa na Kiajemi "chak". Ushahidi wa matumizi ya hati hizo ni wa kuaminika. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, anaeleza kwamba aliona huko Awdaghust, katika Mauritania ya leo, "sakk" ya deni la dinari 42,000 lililomhusu mfanyabiashara wa Sijilmasa. Vilevile, nyaraka za Geniza zilizopatikana Cairo zina maagizo mengi ya malipo ambayo mtu wa leo angeyatambua mara moja kuwa hundi.

Nadharia hizi mbili zinaweza kupimwa kwa vigezo vitatu: sauti, maana na mnyororo wa ushahidi. Kwa sauti, "sakk" inakaribia "check". Kwa maana, inalingana nayo moja kwa moja, kuliko hata neno la sataranji. Udhaifu wake uko katika kigezo cha tatu. Neno la mfalme lina pingili zote: Kiajemi, Kiarabu, Kilatini, Kifaransa, Kiingereza, na ndani ya Kiingereza lina hatua za kikwazo, udhibiti, kipande cha kulinganisha na hati ya malipo. Kati ya "sakk" ya karne ya 10 na hundi ya London ya karne ya 18 hakuna mnyororo kama huo. Jambo jingine linaongeza uzito: Mwarabu wa leo huiita hundi ya benki "shik", neno lililokopwa kutoka Ulaya.

Hata hivyo, kuikataa nadharia ya "sakk" kuhusu jina si kuukana mchango wa wafanyabiashara wa Kiislamu katika historia ya fedha. Kitu na jina lake vinaweza kuwa na historia mbili. Kosa la wengi wanaoitetea "sakk" ni kutaka jina lithibitishe jambo ambalo nyaraka za Cairo zinalithibitisha vizuri zaidi. Kosa la wapinzani wao ni kudhani kwamba asili ya Kiingereza ya jina inaifanya hundi kuwa uvumbuzi wa Waingereza.

6.0 Neno Katika Mazingira ya Kiswahili

Kiswahili kina mashahidi wa historia hii yote. Kwa njia ya bahari kilipokea "shaha" na "sataranji". Kwa njia ya Kiingereza kilipokea "chesi", na "cheki" lenye maana mbili: hundi ya benki, na katika lugha ya vijana, kutazama au kuwasiliana na mtu. Hivyo "shaha" na "cheki" ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa mbali. Kwa upande mwingine, "sataranji" na "chesi" hutaja mchezo mmoja lakini si ndugu: la kwanza linatokana na vikosi vinne vya jeshi la India, la pili linatokana na mfalme wa Uajemi.

Kwa hati ya malipo, Kiswahili sanifu kimependelea "hundi", neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliotumia hati za jina hilo katika biashara ya Bahari ya Hindi. Uteuzi huo umekiepusha Kiswahili na utata unaokisumbua Kiingereza. Jina la Hazina ya Uingereza nalo halikubaki ughaibuni. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaitaja akaunti ya serikali ya kitaifa iliyoko Benki Kuu ya Kenya kwa jina la "National Exchequer Account". Jina la meza ya miraba ya karne ya 12, na ndani yake jina la mfalme wa Uajemi, limo katika sheria inayotumika Nairobi.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba maana kuu za "check" ni za neno moja. Kete ya mfalme ilizaa tishio, kizuizi, udhibiti na ukaguzi. Ubao wake ulizaa kitambaa cha miraba na Hazina. Matawi hayo mawili yalikutana tena katika hundi, ambayo maana yake imetoka katika udhibiti na tahajia yake imetoka katika Hazina. Kilicho nje ya ukoo huo ni kufanana kwa sauti tu, kama jina la Wacheki wa Ulaya ya Kati, ambalo Waingereza hulitamka vilevile.

Kwa watunga kamusi za Kiswahili, matokeo haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, "cheki" la benki na "cheki" la vijana yawekwe chini ya kidahizo kimoja, ilhali "shaha" wa sataranji na "shaha" la mnazi yatenganishwe. Pili, asili ya neno isitajwe kwa kufanana kwa sauti na maana pekee, bali kwa mnyororo wa matumizi unaoweza kuonyeshwa hatua kwa hatua. Kijiti cha Hazina kilikubaliwa pale tu nusu zake mbili zilipolingana mkato kwa mkato. Madai kuhusu asili ya maneno yanastahili kupimwa kwa kipimo hicho.